Hewa Anayoivuta Mchapaji

Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, ni mahali palipojipatia jina kwa elimu na vitabu. Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo ipo hapo tangu 1925. Wamisionari wa Afrika, wale waliozoeleka kuitwa Mapadri Weupe, walikuwa na shule hapo ya kuwafundisha wageni Kiswahili. Na kwa miongo mingi vitabu vya dini na vya sarufi vilivyofika vijijini vilibeba kwenye kurasa zao za mwanzo herufi tatu, T.M.P., yaani Tanganyika Mission Press, kiwanda cha uchapaji cha Misheni. Msomaji akishika kitabu huona maneno. Ni nadra kukumbuka kwamba kila kitabu kimepitia chumba cha uchapaji, na kwamba ndani ya chumba hicho kulikuwa na watu waliosimama kutwa nzima wakipanga herufi, wakiosha rola, wakikata karatasi na kupaka gundi, huku wakivuta hewa iliyokuwa humo. Makala hii inahusu hewa hiyo. Hoja yake ni moja: hewa ya chumba cha kazi ni sehemu ya kazi yenyewe, na kuisafisha ni wajibu wa mwenye kazi, kama ilivyo kulipa mshahara. Mfanyakazi hapaswi kuachiwa jukumu hilo alibebe kwa kuvumilia.

Uchapaji unafaa kuwa mfano kwa sababu unaonyesha jinsi hatari inavyobadilisha sura bila kuondoka. Zama za herufi za kupangwa kwa mkono, chuma cha herufi kilikuwa mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni. Kilipoyeyushwa ili kusubu herufi mpya, na vumbi lake liliposhika vidole na nguo, risasi iliingia mwilini kidogo kidogo, ikaharibu damu, figo na mishipa ya fahamu. Mitambo ya ofseti ilipoenea, risasi ilitoweka na wengi wakaona karakana imekuwa salama. Lakini ofseti inahitaji rola na blanketi ya mpira ioshwe wino mara kwa mara, na kinachooshea ni viyeyushi: petroli, mafuta ya taa, thina na kemikali za aina yake. Viyeyushi hupendwa kwa sababu hukauka upesi. Kukauka huko maana yake ni kwamba vimetoka kwenye kitambaa na kuingia hewani, na aliye karibu navyo ndiye wa kwanza kuvivuta. Katika nchi za Skandinavia, tangu miaka ya 1970, madaktari walieleza hali iliyowapata wapaka rangi na wengine waliovuta mvuke huo kwa miaka mingi: kumbukumbu hupungua, uchovu hauishi, umakini hupotea. Vumbi la karatasi linalotoka kwenye mashine ya kukatia huongeza lake kwenye mapafu.

Mfano wenye uchungu kuliko yote ulitokea mbali na Tabora, ila kwenye kazi ileile. Mwaka 2012 umma wa Japani ulifahamu kwamba katika kampuni moja ya uchapaji mjini Osaka wafanyakazi walikuwa wakipata saratani ya mirija ya nyongo. Ugonjwa huo kwa kawaida huwapata wazee, lakini hawa walikuwa vijana na watu wa makamo. Hesabu ilifika watu 17, na baadhi walikuwa wamekwishafariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba waliosha blanketi za mitambo ya kupimia chapa mara nyingi mno kwa siku, wakitumia kiyeyushi chenye 1,2-daikloropropani, ndani ya chumba cha chini ya ardhi kisicho na madirisha. Mfumo wa hewa ulikuwepo, ila sehemu ya hewa iliyonyonywa ilirudishwa ndani. Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kemikali hiyo katika kundi la vitu vinavyothibitika kumletea binadamu saratani.

Mkasa huo una mafunzo mawili ambayo kila mwenye karakana anapaswa kuyashika. La kwanza ni kwamba kemikali ile haikuwa kwenye orodha ya viyeyushi vilivyodhibitiwa na sheria ya Japani wakati ikitumika. Ilidhibitiwa baada ya watu kuugua. Sheria kunyamaza juu ya kitu si ushahidi kwamba kitu hicho ni salama. La pili ni kwamba kuwa na mashine ya hewa si sawa na kuwa na hewa safi. Swali la kuuliza siku zote ni hili: hewa chafu inakwenda wapi, na hewa safi inaingilia wapi? Chumba kisichoweza kujibu swali hilo kwa kuonyesha tundu la kutokea na tundu la kuingilia ni chumba ambacho watu wake wanavuta tena na tena kile walichokitoa wao na kazi yao.

Swali hilo haliishii kwa wachapaji wakubwa. Mrithi wa karakana ya zamani leo ni steshenari iliyo kwenye fremu jirani na shule au chuo: mashine ya kutoa nakala, printa, kompyuta, wahudumu wawili, wateja wawili. Mashine hizo hutoa joto, chembe ndogo za wino wa unga, na baadhi yake gesi ya ozoni inayowasha koo. Hata tukiziweka kando, pumzi za watu zenyewe zinatosha kutufundisha. Mtu mzima anayefanya kazi nyepesi hutoa takriban lita 18 za hewa ya ukaa kwa saa. Katika fremu ya mita tatu kwa tatu yenye kimo cha mita tatu, ikiwa mlango umefungwa kabisa, watu wanne huivusha hewa ya ukaa kiwango cha sehemu 1 katika 1,000 kwa muda usiozidi robo saa. Kiwango hicho si kigeni. Mtaalamu wa usafi wa Ujerumani, Max von Pettenkofer, alikipendekeza mwaka 1858 kuwa kikomo cha chumba chenye hewa inayofaa, naye hakudai kwamba hewa ya ukaa kwa kiasi hicho ni sumu. Aliichukua kama kipimo cha mambo mengine yote yanayojikusanya pale hewa isipobadilika. Hadi leo wahandisi wanaitumia kwa maana hiyohiyo.

Miongoni mwa mambo hayo mengine ni vijidudu. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kifua kikuu husafiri hewani, toka kifua cha mmoja hadi cha mwingine, hasa katika chumba kilichofungwa ambamo watu wanakaa saa nyingi pamoja. Mwaka 2007 watafiti waliopima hospitali za Lima, nchini Peru, walichapisha jambo linalostahili kusomwa Tabora. Vyumba vilivyofunguliwa milango na madirisha vilibadilisha hewa mara 28 kwa saa, zaidi ya maradufu ya mara 12 zilizokadiriwa kwa vyumba vya kisasa vilivyotegemea mashine. Na majengo ya zaidi ya miaka 50, yenye dari za juu na madirisha mapana, yalishinda majengo mapya yanayotegemea upepo: mara 40 dhidi ya 17. Ujenzi wa zamani uliwakinga watu bila umeme wala fundi wa mashine.

Tabora inayo majengo ya namna zote. Iko tembe, nyumba ya enzi za misafara, kama ile ya Kwihara alikokaa msafiri Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi: kuta nene za udongo, vyumba vyenye kiza vinavyotazama uani, ubaridi mzuri mchana wa Oktoba. Tembe ilijengwa kwa ajili ya usalama na kivuli, na kazi nyingi zilifanyiwa uani au barazani, si chumbani. Yako majengo ya zama za Wajerumani na ya misheni, yenye dari ndefu, veranda, na madirisha yanayokabiliana. Na ziko fremu za leo: dari fupi, mlango mmoja mbele, ukuta mtupu nyuma, kiyoyozi juu. Jambo la kusikitisha ni kwamba fremu imechukua kufungika kwa tembe bila kuchukua ua wake. Kazi iliyokuwa ikifanyika barazani sasa imefungiwa ndani, pamoja na mashine na kemikali ambazo mjenzi wa tembe hakuzijua. Wengi wanadhani kiyoyozi kimeleta nafuu. Kiyoyozi cha ukutani cha kawaida hakiingizi hewa ya nje hata kidogo. Kinapoza ileile iliyomo na kuirudisha. Pangaboi nalo huzungusha tu.

Basi dawa ni nini? Wataalamu wa usalama kazini wanazo hatua zinazofuatana, na mpangilio wake una maana kubwa. Kwanza, ondoa chanzo. Pili, zuia kile kisichoondoleka kisisambae, na upishe hewa. Mwisho kabisa, mvalishe mtu kinga. Sehemu nyingi tunaanza na mwisho: tunagawa barakoa ya kitambaa na kuhesabu kwamba wajibu umetimia. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina hata kidogo, kwa sababu mvuke hupita kwenye uzi kama hewa yenyewe. Kinga inayozuia mvuke huhitaji kichujio maalumu kinachobadilishwa kwa wakati, na hakuna anayeweza kuivaa kwa muda wa saa nane katika joto bila kuivua.

Kuondoa chanzo si ndoto. Wachapaji wa Denmark walianza katika miaka ya 1980 kuosha rola kwa mafuta ya mimea na bidhaa zitokanazo nayo badala ya viyeyushi vinavyoruka, na njia hiyo ikaenea kwenye nchi nyingine za Ulaya. Mafuta hayo huchelewa kukauka, hivyo baada ya kuosha lazima rola ifutwe kwa maji, na wafanyakazi hupaswa kujifunza upya mpangilio wa kazi. Hiyo ndiyo gharama yake kuu. Hatua nyingine ni ndogo zaidi, na hazingoji bajeti. Matambara yaliyolowa kiyeyushi yawekwe kwenye debe la chuma lenye kifuniko, maana tambara lililoachwa wazi mezani linaendelea kutoa mvuke mchana kutwa. Kiyeyushi kimiminwe kutoka chombo chenye mdomo mwembamba, si kuchovywa katika beseni. Feni ya kutoa hewa nje iwekwe karibu na mtambo na chini, si darini, kwa kuwa mvuke wa viyeyushi vingi ni mzito kuliko hewa na hutulia karibu na sakafu. Jenereta ikae nje, mbali na mlango na dirisha, kamwe isiwekwe koridoni: kaboni monoksidi yake haina harufu wala rangi, na huua kabla mtu hajajua kwamba kuna tatizo.

Mchapaji makini atatoa pingamizi la kweli hapa. Karatasi hunywa unyevu. Kiangazi cha Tabora huikausha ikajikunja, masika huivimbisha, na kurasa hazilingani tena kwenye mtambo. Ndiyo maana madirisha yanafungwa. Aongeze vumbi la kiangazi, mbu wa jioni, na wezi wa usiku. Yote hayo ni kweli, na ushauri wa kufungua madirisha tu hautoshi. Jibu ni kutenganisha mahitaji. Karatasi ihifadhiwe katika ghala lake lililofungwa, itolewe kwa kiasi cha kazi ya siku. Kuosha rola na kupaka gundi, shughuli zinazochafua hewa zaidi, zipewe feni yake ya kunyonya palepale, ili chumba kizima kisilazimike kuwa wazi. Matundu ya hewa yawekwe kwenye kuta mbili zinazokabiliana, moja likiwa juu ili hewa ya joto ipate pa kutokea, yafunikwe wavu wa mbu na nondo. Dirisha moja kwenye ukuta mmoja hupumua kwa shida. Mawili yanayokabiliana hupitisha upepo. Fremu yenye ukuta mtupu nyuma inahitaji tofali chache tu zitolewe na matofali ya matundu yawekwe mahali pake.

Pingamizi la pili ni fedha. Mwenye steshenari ya mkopo atasema hana ziada ya kulipia hewa. Lakini tayari kuna anayelipa. Analipa mhudumu anayerudi nyumbani na kichwa kinachogonga, anayekosa kazi kwa kikohozi, anayekosea hesabu saa tisa alasiri kwa usingizi. Utafiti uliochapishwa Marekani na watafiti wa Harvard mwaka 2016 uliwaweka watu 24 katika ofisi moja iliyobadilishwa hewa yake siku kwa siku bila wao kuambiwa. Siku ambazo mvuke wa kemikali ulipunguzwa, alama zao za kufikiri na kuamua zilikuwa juu kwa asilimia 61 kuliko siku za hewa ya ofisi ya kawaida. Hewa ya nje ilipoongezwa, tofauti ilifika asilimia 101. Watu 24 ni wachache, na si vyema kujenga ahadi juu ya utafiti mmoja. Hata hivyo mwelekeo wake unakubaliana na jambo ambalo mwalimu yeyote wa darasa lililojaa analijua: watu wakikosa hewa, akili hulala. Mwenye kazi anayebana hewa ili kuokoa fedha anapoteza sehemu ya kazi aliyoilipia.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote, maana linatoka kwa wafanyakazi wenyewe: tumezoea. Pua kweli huzoea. Baada ya dakika chache mtu haisikii tena harufu ya thina, ingawa kiasi chake hewani hakijapungua. Mapafu, ini na ubongo havina mazoea hayo. Na maradhi ya namna hii hukawia: huanza miaka mingi baada ya kuvuta, pengine mtu akiwa amekwishabadilisha kazi, kwa hiyo mzee wa karakana asiyeumwa leo si shahidi wa kutosha. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani kwa hesabu ya pamoja iliyotolewa 2021 walikadiria kwamba chembechembe, gesi na mafusho ya kazini vilisababisha vifo takriban 450,000 duniani katika mwaka 2016. Huenda wengi wa watu hao waliwahi kusema kwamba wamezoea.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike na wino wakati moshi wa kuni ndio adui mkubwa wa Watanzania. Ni kweli kwamba moshi wa jikoni unaua watu wengi zaidi. Ila hoja hiyo inaupanua mjadala, haiufuti. Jiko la seminari, la shule ya bweni au la hospitali ni mahali pa kazi, na mpishi wake ni mwajiriwa anayevuta moshi kwa saa zote za zamu. Serikali imekwishaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Agizo hilo limezungumzwa zaidi kama njia ya kuokoa misitu ya miombo. Litekelezwe pia kwa jina la mpishi. Vivyo hivyo kwa anayechambua tumbaku katika banda lililofungwa, katika mkoa unaoongoza kwa zao hilo, akivuta vumbi la majani yenye nikotini. Jiko, banda na karakana vinaulizwa swali lilelile: hewa chafu inakwenda wapi?

Sheria iko upande wa wanaouliza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kusajili eneo la kazi na kulinda afya ya walio ndani yake, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, unayo mamlaka ya kukagua. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya anayeugua kutokana na kazi. Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliyaweka mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi kazini. Udhaifu uko kwenye kumbukumbu. Mfanyakazi akiugua baada ya miaka 15, atathibitisha vipi alichokivuta kama hakuna aliyeandika jina la kemikali, kiasi kilichonunuliwa, na nani aliyeitumia? Daftari moja la viyeyushi, lenye tarehe na majina, lingewasaidia wachapaji wa Osaka mapema zaidi. Linaweza kuanza Tabora wiki hii kwa bei ya daftari.

Pia wapo wanaonunua kazi hizi: majimbo ya Kanisa, shule, halmashauri, vyama vya ushirika, vyuo. Hao huomba bei ya karatasi, ya wino na ya jalada, na humpa kazi aliyeshusha bei kuliko wenzake. Waongeze swali moja katika zabuni: mitambo inaoshwa kwa kitu gani, na hewa chafu ya karakana inakwenda wapi? Mchapaji aliyetoboa ukuta, akanunua feni, akabadilisha kiyeyushi, hatapunjwa tena na yule aliyeokoa fedha kwa kuwafungia watu wake na mvuke. Gharama ya hewa safi ikiingia katika bei ya kitabu, tutaigawana sote tunaosoma, na itakuwa ndogo kwa kila mmoja. Ikibaki nje ya bei, ataendelea kuilipa mchapaji peke yake.